Baba Limi, Sijui Kusoma Kimya

Mume wangu, Baba Limi,

Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: umelala pale nyuma ya mipapai na hakuna anayekusumbua isipokuwa kuku. Yangu ni mbaya. Naogopa. Naogopa hadi maji ya mtungini nayanusa kwanza kabla ya kuyanywa. Hapa kijijini sina mtu wa kumwambia ambaye hatakwenda kumwambia mwingine, ndiyo maana nimechukua kalamu nikuambie wewe uliyenifundisha kuishika.

Nianze na paka wako, maana naye yumo kwenye kesi hii. Unakumbuka siku uliyomleta? Ulitoka misheni Ushirombo na baiskeli, kikapu umekifunga nyuma kwa mpira, ndani kitu kinalia, nikadhani mwenzangu ameniletea kuku. Panya walikuwa wamelitafuna darasa lako la ngumbaru, ukurasa wa ba-be-bi-bo-bu umeliwa wote, watu wazima wakawa wanakukaripia kana kwamba umeula wewe. Nikakuuliza, "Anaitwa nani huyu?" Ukasema, "Mtemi. Serikali imewaondoa watemi wote, angalau mmoja abaki kwangu." Ukacheka peke yako mpaka ukapaliwa. Nilikwambia palepale kwamba paka ni paka, hapewi jina la cheo. Hukusikia. Lini ulinisikia?

Tangu tukuzike, Mtemi ndiye mtu wangu wa nyumbani. Asubuhi ananikanyaga kifuani mpaka niamke nikoroge uji. Uji wenyewe hautaki bila dagaa, na dagaa wa ziwani siku hizi wa kutafuta kwa tochi, basi mimi natafuna vichwa, yeye nampa miili. Mchana analala ndani ya sufuria kubwa ya sherehe, ile ambayo haijapikiwa kitu tangu matanga yako. Jioni nikikaa mlangoni kusoma, anakuja kukaa juu ya kitabu, tena pale panaponoga. Namwambia, "Toka juu ya vita, Mtemi." Namwambia, "Mtemi, sogea, watu wanauawa hapo."

Sasa wewe jifanye jirani, uko ng'ambo ya ukuta unachambua mboga, halafu usikie maneno hayo.

Na kuta zenyewe unazijua. Tangu tuhamishwe kutoka mashambani na kupangwa hapa kwa mstari, ukikwangua sufuria jirani anajua umekula nini. Zamani ningesoma nisikiwe na nyani tu. Lile sanduku la vitabu vya maktaba ya kijiji ulivyokabidhiwa bado liko chini ya kitanda, na mwaka huu nimezisoma zile riwaya za kale ulizokuwa ukiniambia zitanishinda. Hazikunishinda. Zilinishika! Watemi na vita vyao, misafara ya pembe, wake wakubwa wanaowalisha sumu watoto wa wake wadogo. Kuna siku niliunguza maharage kwa sababu ya mtu aliyezingirwa bomani, na nilipoyatupa nililia, wala si kwa ajili ya maharage.

Ila sijui kusoma kimya, Baba Limi. Hukunifundisha. Kila mtu wa darasa lako anasoma kwa kupaza sauti na kidole chini ya neno, maana ulikuwa ukisimama kule nyuma na kupiga kelele, "Sijasikia! Rudia!" Nimejaribu kufunga mdomo. Maneno yanakataa kuingia. Macho yanapita juu yake tu, mwisho wa ukurasa sina ninachokijua. Basi nasoma kama ulivyotaka, wa nyuma asikie.

Na wa nyuma amesikia.

Unamkumbuka Mama Ngasa, jirani yetu wa upande wa kisima, yule aliyekuja darasani na mimba na bado akawa anawapita wanaume kwenye imla? Mimba ile ndiyo Ngasa, mtoto wake wa pekee. Jioni moja mvua zilipoanza nilikuwa mlangoni na kitabu. Taa ya mafuta haiwaki humu ndani siku hizi, duka la kijiji halina mafuta wala sabuni, nanyemelea mwanga wa jua mpaka uishe. Ndani ya kitabu kulikuwa na kijana, mwana wa mtemi, anaitwa Ngasa. Unajua jina hili linavyojaa huku, ukiita sokoni wanageuka nusu ya wanaume. Mwandishi naye akaona amtumie huyohuyo. Nikasoma kwa sauti yako ile uliyonipa: "Ngasa hatayaona mavuno."

Mchi wa Mama Ngasa ulinyamaza kinuni.

Mimi sikuelewa, nikadhani amemaliza kutwanga. Jua likaisha, nikafunga kitabu, nikamwita Mtemi aje ale. Wiki ileile mtoto akapata homa, na homa ilipopungua ikaacha kikohozi kinachovuta kama mlango mbovu. Zahanati wakampa dawa ya maji. Kikapungua, kikarudi.

Kwanza majirani waliacha kuniomba moto. Halafu watoto wakaacha kuniamkia. Unajua shikamoo ya mtoto ni kitu kidogo, unaiitikia huku unafikiria chumvi, lakini subiri uikose njia nzima kutoka kisimani. Nikaanza kuambiwa na mwanamke wa jumuiya yetu ya sala, kwa kunong'ona, kwamba naongea na watemi waliokufa, nawaita jioni, nawapa chakula. Kwamba nataja watu kwa majina. Juzi nikasikia eti Mtemi ni mweusi. Mweusi! Paka wa rangi ya majivu, tumbo jeupe pepepe, kijiji kizima kimemwona miaka yote akiota jua juu ya paa, leo amekuwa mweusi. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Watu wakishaanza kukosea rangi ya kitu wanachokiona kwa macho, hakuna utakalowaambia.

Macho yangu nayo yamekuwa mekundu, Baba Limi. Moshi wa jikoni na herufi ndogo zile. Huhitaji nikukumbushe ya yule bibi wa kijiji cha pili waliyemuua wakisema ni mchawi, tulikwenda wote kumzika, ukanishika mkono njia nzima ya kurudi. Alikuwa na nini zaidi ya macho mekundu? Hata paka hakuwa naye. Mimi ninaye, na ana jina.

Nilikwenda kujieleza, na nikaharibu zaidi. Nilibeba kitabu mpaka kwa Mama Ngasa, nikamwambia, "Mwanangu, huyu si Ngasa wako. Huyu ni mwingine, wa zamani, alishakufa." Nia yangu ilikuwa njema, mdomo wangu ndio mpumbavu. Aliposikia "alishakufa" alipiga yowe, majirani wakatoka na miko mikononi. Nikasema ni hadithi tu, imetungwa. Akaniuliza huku machozi yanamtoka, "Kama ni uongo, mbona imeandikwa?" Ungemjibu nini? Wewe ndiye uliyesimama mbele yetu na chaki ukisema kilichoandikwa hakibadiliki, ndiyo maana serikali inaandika. Nilirudi nyumbani nikakulaumu, nisamehe. Nilikulaumu kwa sauti, kama kawaida yangu.

Baba Ngasa hakupiga kelele. Yeye alitia upepo baiskeli yake akaenda upande wa Ushetu kwa mganga anayepiga ramli. Na wewe unajua waganga hao huwa wanaona nini: mwanamke, mjane, jirani. Tangu aondoke, kila nikisikia kengele ya baiskeli naacha nilichoshika natoka kuchungulia.

Limi wetu ameleta ujumbe kutoka Geita kwa dereva wa lori. Anasema niende kwake sasa hivi, niache vitabu, niache paka, nisiage mtu. Nilifunga kifurushi. Nikakaa juu yake, Mtemi akakaa juu yangu, lori likapiga honi kule barabarani na miguu haikuinuka. Ningekwenda, wangesema amekimbia, ni yeye. Na kama mtoto angekufa nikiwa njiani, wangenifuata hata huko kwenye mashimo ya dhahabu. Hayo niliyawaza. Lakini kubwa zaidi, nitakwambia wewe tu, sikutaka kuacha kaburi lako na watu wanaonichukia. Lori likaondoka.

Ngasa wa kitabuni alikuwa ananinyima usingizi, nikataka kujua mwisho wake. Nilikwenda kusomea shambani, katikati ya mahindi, nikiwa nimechuchumaa kama mwizi. Anakufa, Baba Limi. Kurasa mbili tu mbele, mkuki wa kaka yake. Nilikifunga kile kitabu nikakikalia.

Leo mchana, mvua ilipokatika, Mama Ngasa alikuja mlangoni kwangu. Peke yake, mtoto mgongoni, bila hodi. Mtemi alimzunguka miguuni na yeye hakumpiga teke.

"Mayu," akaniambia, kwa kweli hivyohivyo, mayu, yaani mama, kama alivyokuwa akiniita zamani. "Uliishia wapi siku ile?"

Nikamwambia niliishia hapohapo, jua lilizama.

"Malizia. Nataka kusikia mbele imeandikwaje."

Nilikileta kitabu. Niliufungua ule ukurasa, nikaweka kidole, na kidole kikaanza kutembea chini ya maneno ya mwandishi huku mdomo wangu ukisema mengine. Nilisoma kwamba watu walidhani Ngasa hatayaona mavuno. Nilisoma kwamba mama yake alimwogesha kwa maji ya vuguvugu, akampa maziwa ya mbuzi, akamlaza mahali pasipo na moshi. Nilisoma mtama ukachanua, ndege wakafukuzwa, watu wakanoa visu vya kuvunia, na Ngasa akawa wa kwanza kutafuna suke bichi. Mungu anisamehe, nilisoma mpaka jasho likadondokea karatasi. Wewe usiyeruhusu hata nukta kurukwa, ungenipiga kofi la chaki.

Halafu akasema, "Nionyeshe yalipoandikwa mavuno."

Roho ilinitoka. Mwanafunzi wako bora, Baba Limi! Niliweka kiganja juu ya mstari kama mtu anayenyoosha karatasi iliyokunjamana, nikaacha neno moja tu la mwisho lionekane. Akainama. Kidole chake kikaja, kimepasuka kwa jembe, kikalisukuma lile neno silabi kwa silabi, kwa sauti, kama ulivyotufundisha. "Ma. Vu. No." Akarudia lote kwa pamoja. "Mavuno."

Akafungua mbeleko mgongoni. Nilidhani anataka kumnyonyesha. Akamweka Ngasa mapajani mwangu, wa moto kama mkate, macho nusu wazi.

"Neno limetoka mdomoni mwako," akasema. "Basi akae kwako mpaka ayaone."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia, "Mwanangu, unataka kuniua?" Alimfunika mtoto miguu, akaenda zake, na hakugeuka nyuma. Sijui kama ameniamini au amenitega. Sijui, na mtoto hajali lipi ni lipi, yeye anakohoa tu.

Ninapokuandikia amelala kitandani kwetu, upande wako. Nimeziba upenyo unaoleta moshi. Nimemnywesha maziwa kwa kijiko, ameyatapika, nimemnywesha tena, yamekaa. Mtemi amejilaza miguuni pake na sijui nimwondoe, watu wasije wakamkuta hapo, au nimwache, maana ndiye pekee anayempa joto. Nimemwacha. Kesho lori la misheni likipita nitamfunga mgongoni nimpeleke hospitalini Ushirombo mwenyewe. Nikiulizwa mimi ni nani wake, sijui nitasema nini.

Baba Limi, mimi sijawahi kukuomba kitu tangu ufe. Nimekuletea pombe yako, nimekulipia misa, sikukuomba kitu. Leo nakuomba. Ukikutana na wakubwa huko uliko, usiniombee mimi kwanza. Waambie wafungue kifua cha huyu mtoto.

Nilikuwa nataka kukueleza na habari ya mahindi, lakini nimesikia kengele ya baiskeli. Ni Baba Ngasa, amerudi. Namsikia anaegesha kwao. Anaita jina la mtoto. Namsikia mkewe akimjibu, sauti ya chini, sipati maneno.

Atakuja. Sitaufunga mlango kwa komeo, ungevunjwa tu. Nimemnyanyua Ngasa, nimempakata kwa mkono mmoja, huu mwingine ndio unaokuandikia, na mwandiko unaona ulivyo. Akibisha nitafungua mimi mwenyewe, mtoto nikiwa nimemweka kifuani usawa wa macho yake, ili kabla hajaniona mimi, amwone mwanawe anapumua.

Lala, mume wangu. Mimi nipo macho.

Mkeo,
Mama Limi