Ndimi Mbili za Kinanda cha Kanisani

Huanshi Zhonglu,
Guangzhou, China.
9 Novemba 2025

Mpendwa Dada Kissa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvua za Tukuyu zimeanza bila kubomoa paa la jikoni. Kifua cha Baba Mkubwa kinaendeleaje? Mimi sina homa wala njaa. Baridi imeanza kidogo, nami bado natuma habari zangu redioni kila Ijumaa.

Habari niliyonayo si nzuri, na sitaizungusha. Kinanda hakitalia Majilio haya. Sidhani kama kitalia tena.

Ulinitumia ndimi mbili nzima za shaba, zile zinazotetemeka upepo ukipita, ili zichongwe nyingine kumi na moja kwa mfano wake, badala ya zilizovunjika. Mmoja wa Mjerumani, mmoja wa Mwingereza. Najua Baba Mkubwa alizitoa kwa shingo upande. Najua pia baraza la wazee limempa mpaka tarehe thelathini awe amekitengeneza, la sivyo kinanda kinatolewa na cha umeme kinaingia.

Mwanahija, dada wa Kizanzibari anayesafirisha nguo kutoka hapa, alinipeleka Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo, kwa bosi anayetengeneza zipu na vifungo vya shaba. Mlangoni akaninong'oneza, "Kaka Adrian, humu usianze hadithi za kanisa. Wewe sema sampuli, unyamaze." Nikasema sampuli, nikanyamaza. Hapa sampuli huachwa, ukarudi baada ya wiki. Nikaziacha.

Niliporudi, bosi alinipokea kwa chai. Ndimi ziling'aa kama vifungo vya sare ya askari. Mwanahija akatafsiri akicheka, "Anasema zilikuwa na mikwaruzo mingi, amekusafishia bure. Mshukuru basi, mbona umenuna?"

Ile mikwaruzo ndiyo iliyokuwa sauti, Kissa. Baba Mkubwa alitufundisha tukiwa wadogo: ukikwangua ncha, sauti inapanda, ukikwangua shina, inashuka. Wajerumani walileta kinanda kile kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Vita vilipokuja waliondolewa, na mchungaji Mwingereza aliyeshika nafasi yao akakuta ndimi tisa zimevunjika. Aliagiza nyingine kwao, akazikwangua moja moja mpaka zikapatana na za Wajerumani, watu ambao taifa lake lilikuwa limetoka kupigana nao. Wajerumani waliporudi walikuta kinanda kinalia. Hawakung'oa hata ulimi mmoja wa Mwingereza.

Nilizipeleka kwa fundi wa kodiani, mzee anayejua kazi yake. Alizipima, akapuliza, ukatoka upepo mtupu. "Mei banfa," akasema. Maana yake hakuna namna. Nilimwuliza mara tatu, kama ninavyomwuliza waziri, akanijibu vilevile mara tatu.

Kosa ni langu. Miaka ishirini na sita nawaambia waandishi wachanga wasitoe hati halisi mikononi kabla ya kuipiga picha. Sikupima zile ndimi, sikurekodi sauti zake. Niliziona kama shaba tu.

Baba Mkubwa aliniuliza kwenye simu kama Wajerumani na Waingereza waliacha popote kitu kingine walichotengeneza pamoja. Nilimwahidi jibu. Nilikwenda Shamian, kisiwa kidogo cha hapa mjini ambako Waingereza walijenga majumba na Wajerumani wakafanya biashara jirani yao. Sasa maharusi wanapigiana picha pale, na niliowauliza hawakujua nyumba ipi ilikuwa ya nani. Na Kasmir wetu, mfanyabiashara wa Mbeya, anapakia kontena la miti ya Krismasi ya plastiki. Waingereza waliiga mti huo kwa Wajerumani, sasa sisi tunaununua kwa Wachina. Mwambie hilo ndilo jibu langu, hafifu kama lilivyo.

Nilifikiri kukuomba useme ndimi zimepotea njiani. Nimeona hapana. Kasmir atakuletea ndimi zenyewe ndani ya leso, mwishoni mwa mwezi. Tangu macho yake yalipozimika, Baba Mkubwa alikuwa akitambua kwa kidole ulimi upi wa Mjerumani na upi wa Mwingereza. Mimi nimezilaza hapa mezani asubuhi nzima na sioni tofauti. Naye hataipata. Atajua kabla hujafungua mdomo, kwa hiyo usimtafutie maneno. Kaa naye tu.

Nisalimie Martina na wanawe, na mama zetu wote wa kwaya, hasa wale watakaosema afadhali cha umeme. Hawajakosea, hicho angalau kitalia. Mungu awafunike kwa mkono wake mwaka unapoisha.

Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu baada ya kumkabidhi leso, si kabla, asije akaipokea bila kujua nilichofanya.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye kwa mbali,
Adrian