Lori la Pamba Mlimani

Mjukuu wangu Bhoke,

Huku Musoma tunaendelea. Bibi yako mguu umepata nafuu, kesho anarudi Mwigobero kuuza dagaa.

Umeuliza kwa nini chuoni mnafundishwa kwamba lori moja lihesabiwe kama magari madogo kadhaa. Mimi nililijua hilo kwa aibu.

Nilikuwaga dereva wa lori la pamba. Siku moja nimetoka Bunda, napanda mlima taratibu, nyuma kuna foleni na honi zinalia. Pa kupisha palikuwepo, lakini lori lenye mzigo likisimama mlimani, kuliondoa ni shida. Nikamwambia utingo, "Waache wapige. Sisi ni gari moja tu." Kumbe foleni yote ile ilikuwa sisi.

Tulipofika tambarare wakaanza kunipita. Ya kwanza ilikuwa pikapu iliyobeba jeneza, wanawahi kuzika Butiama, na jua limeshaanza kushuka. Mama aliyeshikilia jeneza akanipungia mkono, akapaza sauti, "Asante baba, umetupisha."

Sikuwa nimewapisha, Bhoke. Mlima tu ndio ulikuwa umeisha.

Babu yako