Nyasi za Bibi Msizitoe

Mama Kokushubila na watoto,

Mkirudi kutoka kisimani, ndizi nimeshamenya, ziko kwenye maji. ~~Fagieni sebuleni.~~ Hapana, msifagie! Hizo nyasi mbichi sakafuni ni za Bibi yenu. Amezitandaza alfajiri, kama afanyavyo akingoja mgeni, kisha akashika njia ya bandarini. Jirani amekutana naye. Bibi amemwambia anakwenda kumpokea Kashaija.

Kashaija ni yule askari wa hadithi yangu tu. Wiki nzima mlinisumbua: "Baba, yule askari atarudi lini?" Basi jana nikaandika kwamba meli yake imetia nanga Bukoba, nikawasomea, mkapiga makofi. Bibi alilia, nami kwa majivuno nikadhani nimeandika vizuri.

Kumbe alisikia habari za mwanawe. Mdogo wangu alifia vitani Burma, na Bibi anajua, tulilia naye. Ila hatukumzika.

Nakwenda bandarini kumchukua Bibi. Chemsheni chai. Akiwauliza habari za meli, mwambieni bado iko njiani, Baba hajamaliza kuandika.

Nanyi mwisho wa hadithi msiniulize tena.

Baba yenu