Udi Wako Umemwinamisha Mfaransa

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama, shikamoo mbili, maana moja ni ya jana: nilishika kalamu nikaitwa dukani kabla sijaiandika. Vipi goti? Ile dawa ya kuchua niliyompa Mwalimu Juma akuletee umeipata, au kaipaka magoti yake mwenyewe njiani? Na paa la jikoni, bado lavuja pale pale kwenye mafiga? Mimi mzima wa afya, nimenenepa mpaka kanzu nilizokuja nazo nimezigeuza foronya.

Mama, kaa kitako. Dada Asha akikusomea hii asiruke mstari, maana humu umo wewe mwenyewe.

Duka letu hapa Maskati ni la manukato, na bila mimi lingekuwa ghala la chupa tu. Tajiri yangu Bwana Nassor unamjua kwa sifa zake: kazaliwa Unguja, kajenga Mabela, mtaa wa hapa Maskati, lakini akikasirika anatukana Kiswahili cha Malindi ya Unguja kitupu. Basi kwenye kabati la kioo, peke yao, ziko chupa za nyumba moja ya Kifaransa. Nikisema nyumba usidhani jumba. Ni watu wachache kwenye mji mdogo wa milimani uliojaa maua. Aliyeianza ni babu, fundi sabuni. Akarithi mwanawe, na sasa yuko mjukuu, mwanamke wa makamo, tunamwita Madamu.

Manukato yao ni matano tu tangu babu mpaka leo. Wanasema mtu akishasema alilonalo anyamaze. Sijui mimi kule wangeniajiri kazi gani. Hawatangazi kwenye televisheni, hawaweki picha ya msichana kwenye boksi. Mafuta yakishachanganywa hulazwa gizani miezi na miezi, hayafunguliwi hata aje waziri. Na sharti lao kubwa ni hili: yatiwe kwenye ngozi tupu, tone moja, kisha mtu asubiri ayasikie yanavyobadilika pamoja naye. Yasichanganywe na kitu, na dukani pasifukizwe hata ubani.

Sasa Mama, sharti hilo wakalileta Maskati! Watu hapa wanavaa harufu kama wanavyovaa nguo: udi chini, mafuta juu yake, marashi juu ya mafuta. Ukimtia mtu tone moja mkononi anakutazama kama umemnyima maji. Miezi ya mwanzo zile chupa zilikaa zikanitazama, nami nikizitazama. Ndipo nikatumia akili yangu, ambayo Mwalimu Juma aliitukana miaka saba yote. Nikawasha chetezo nyuma ya pazia, nikatia kipande cha udi wako unaonipikia. Mteja anafukizwa kwanza, kisha yale ya Kifaransa namimina kwenye kisahani, nachovya furakha yake, kile kishada kinachoning'inia shingoni mwa kanzu zao. Chupa zikaondoka kama maandazi ya asubuhi! Bwana Nassor harufu anaisikia, lakini anajifanya ana mafua.

Na hadithi nikawapa. Nikasema babu wa Kifaransa alikwenda kwa miguu mpaka Pemba kutafuta mlangilangi. Hakuna aliyeuliza bahari aliivukaje.

Mwezi uliopita Bwana Nassor kaja mbio. "Khamis, Madamu anakuja mwenyewe kuona tunavyouza. Kesho alasiri. Chetezo hicho nisikione. Akikiona anachukua chupa zake, na wewe utafuatana nazo uwanja wa ndege, maana kibali chako nimekiombea kwa kazi hiyo."

"Tajiri, mimi huyo? Kesho duka litanuka kama maji."

Lakini asubuhi yake kaingia mzee mmoja wa Qurayyat, mji wa pwani huku, mteja wangu, anamwoza binti yake. Nikajiambia alasiri bado mbali. Nikamfukiza mpaka ndevu, nikainama na kisahani, furakha ndani. Nainua kichwa: mlangoni yuko mwanamke mwembamba, nywele za mvi, viatu vya vumbi. Alishindwa kukaa hotelini kule Bustan mpaka alasiri, ameshakuja. Bwana Nassor yuko nyuma yake, rangi imemtoka.

Madamu akakitazama kisahani, akautazama moshi. Akasema Kiingereza polepole, Bwana Nassor akanifasiria: "Anasema babu yake alikaa miaka kuyatengeneza haya, na wewe unayachovyea kanzu kama mkate kwenye chai."

Mama, unanijua. Neno halijawahi kunikauka. Siku ile nikaishia kukificha kisahani mgongoni kama mtoto. Nikamwona mke wangu Zuwena ananipokea uwanja wa ndege nina mkoba mtupu.

Aliyeniokoa ni yule mzee. Hajui Kiingereza, lakini hasira anaijua. Akaishika furakha yake, akamnyooshea Madamu, akamwambia kwa Kiarabu, "Nusa, mama, kisha ugombe."

Madamu akainama. Akanusa. Akafumba macho. Akakaa hapo hapo ameinama mpaka mzee wa watu akaanza kuona haya, anatazama dari. Alipoinuka hakuniuliza habari za kisahani. Akauliza, "Hiyo harufu iliyo chini ya yetu ni nini?"

"Ni udi wa mama yangu."

"Anaupikaje?"

Hapo nikarudi mwenyewe! Nikaanza: sukari inayeyushwa mpaka iwe rangi ya asali, vipande vya udi vinatiwa, halafu ambari, halafu... Nikasimama. Maana hapo kwenye "halafu", Mama, siku zote ulikuwa unaniambia, "Khamis, hebu nenda kaniangalizie kuku." Nikirudi, sufuria imeshafunikwa.

Nikatunisha kifua. "Kilichobaki ni siri ya nyumba yetu."

Uso wake ukabadilika. Akavuta kiti akakaa. Akasema baba yake alimwoshesha chupa miaka mingi bila kumwambia kitu, akampa vipimo pale alipoona mkono wake umetulia. Na kwao vipimo anavijua mtu mmoja, naye humfundisha mmoja tu. Akamwambia Bwana Nassor chupa zibaki, na mimi nibaki. Sharti ni mteja apewe kwanza tone lake kwenye ngozi, asubiri, na udi uwe wa mwisho, kwa anayeutaka. Nikakubali hapo hapo. Na ukweli, Mama, lile tone likisubiriwa lina mambo yake. Sasa nalivaa mwenyewe, bila kitu juu yake, Ijumaa hadi Ijumaa.

Akiwa anatoka akaniuliza, "Na baada ya mama yako, anayejua ni nani?"

"Mimi!" nikasema. Haraka, kama mtu anayeitwa jina shuleni.

Bwana Nassor akacheka nusura adondoke. Mimi sikucheka. Neno hilo lilikuwa la uongo, Mama. Asha hawezi moshi kwa pumu yake, na wewe ulisema udi si kazi ya mkono wa mwanamume. Nyumba ya Mfaransa imesimama kwa sababu kila mmoja alimwambia mmoja. Yetu sisi aliyeambiwa ni nani?

Likizo nimepewa, baada ya Idi nipo. Nakuletea chupa moja ya Madamu, na sufuria mpya nzito ya udi.

Nisalimie mke wangu Zuwena, mwambie uwanjani aje na kanga ile ya manjano. Nisalimie dada yangu Asha kwa kusoma bila kuruka, na Mwalimu Juma jirani yetu, mwambie zile akili zimepata kazi. Shangazi Bi Kazija naye, namletea mgongo wangu kwa lile kofi aliloniahidi.

Nikifika, Mama, nitaosha masufuria kadiri utakavyotaka. Lakini ukinituma nikaangalie kuku siendi. Kuku hatujapata kufuga.

Ni mimi mwanao mnene,
Khamis