Beseni la Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka na miezi minne tangu tuondoke nyumbani, mimi na Kaka. Tulikuja mjini wawili kubeba zege. Sasa nabeba peke yangu. Mwezi uliopita alianguka kutoka jukwaa la mbao, na juzi hospitali wamemruhusu. Anasimama kwa kushikiliwa, haja zinamtoka bila hodi. Leo nimerudi mgongo unawaka, beseni la nguo zake za ndani linanisubiri. Nikamwagia maji ya moto. Madoa yakagoma! Harufu ndiyo kwanza ikapanda.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita zahanati kuuliza, muuguzi kanicheka. Maji ya moto kwanza? Unapika mavi, kijana! Vaa glavu, kinyesi kitupe chooni, suuza kwa maji baridi, ndipo sabuni na maji ya moto. Beseni lake likae mbali na vyombo. Anika juani. Nimefanya — zimetakata! Kaka kaniita dobi, kauliza kama napiga na pasi. Tukacheka. Halafu kageukia ukutani.

Ijumaa, 7 Machi

Mjinga mimi. Nilidhani nikizidisha klorini kwenye maji ya kufulia ndiyo usafi. Kusuuza nikasuuza mara moja tu — usingizi. Leo mapaja yake mekundu, ngozi imebabuka. Tangu jana inamchoma, hakusema! Nikauliza mbona umenyamaza, Kaka? Anasema mtu anayefuliwa chupi na mdogo wake hana mdomo.

Nimempaka mafuta.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimesuuza mpaka maji yakaacha kuteleza mkononi. Naingia ndani, shemeji anapiga simu. Kaka ananikazia macho: mwambie niko kazini. Tangu aanguke ndivyo ninavyomwambia mkewe. Leo ulimi ukakataa. Nikatoka uani, nikasema yote.

Akalia kwa hasira. Mmenifanya mgeni, shemeji? Nepi za watoto wake sita alifua nani? Mlete mume wangu, nguo zake nitafua mwenyewe.

Nimerudi ndani. Kaka anauliza, umemwambia niko kazini? Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi, akaniomba radhi kwa kunifanya mwongo.

Tiketi za basi nimeshakata, zote mbili. Jumamosi jioni tutakuwa nyumbani. Kaka bado hajui.