Ndizi Zisibanane

Wambui wangu,

Sisi hapa Kiganjo tuko salama. Mama yako bado anafanya kazi Ruiru, na juzi aliniletea air fryer kama yako, ile jiko ya kukaanga kwa hewa moto, kwa hivyo swali lako nimelijaribu mwenyewe.

Unauliza mbona ndizi zako zinatoka majimaji. Unazijaza sana. Nikiwa msichana, mama yangu alikuwa akivundika ndizi kwa shimo ziive, na kati ya chane na chane anaweka majani makavu. Nilimwambia bila majani zingeingia nyingi. Akasema, "Zikibanana zitaoza." Tukafukia, tukangoja. Jioni majirani walikuwa wanapita kunusa kama zimeiva, wanaketi, stori zinaanza. Watu wengi wa kwetu niliwajulia hapo kwa shimo.

Chukua zilizoiva lakini bado ngumu kidogo, ukate, upange zisigusane, unyunyizie mdalasini. Zitatosha sahani moja tu. Unasema huko Doha hamjazoeana na wenzako wa nyumba. Waite, na usione haya wakingoja sahani ya pili. Watangojea hapo jikoni, na sijaona watu wakingoja ndizi wakiwa kimya.

Ni mimi shosho wako.