Bunduki ya Kipimo cha Aila

Toivola, Michigan
Jumapili, 1 Februari 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo ni tarehe mosi, na nimejiwekea nadhiri: mwaka huu kila barua nitakayokuandikia itakueleza yote, si nusunusu. Sisi hatujambo. Goti la Shangazi Helmi linamsumbua lakini hakubali nimpokee shoka. Theluji imefika kwenye madirisha ya jikoni. Wewe je, u mzima? Mikono haijapasuka kwa baridi ya huko Alaska?

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Novemba ninakwenda kwenye klabu ya shabaha, kila Alhamisi, katika chumba cha chini cha ukumbi wa kanisa. Tunalala juu ya mikeka na kulenga karatasi kwa bunduki ndogo, zile za risasi nyembamba za namba ishirini na mbili. Mwalimu wetu ni Bwana Tuomela, yule aliyekuwa mgodini. Juzi aliniambia, "Aila, una subira. Sasa tafuta bunduki yako mwenyewe. Hii ya klabu imeshikwa na kila mtu kama kitasa cha choo."

Shangazi anauliza bunduki ya kuangushia makopo ni ya kazi gani. Lakini Baba, Alhamisi ndiyo siku pekee ninayokaa na watu. Tangu rafiki yangu Sirkka na wazazi wake wahamie Detroit, kwenye basi la shule ninakaa na mkoba wangu.

Wenzangu wote walichaguliwa bunduki na baba zao. Wanakwenda pamoja dukani kwa Bwana Lahti. Mtoto anakunja mkono, baba anakiweka kitako cha bunduki kwenye kiwiko, na kidole kikifika kwenye kifyatulio bila kujivuta, basi hiyo ndiyo yake. Halafu wanavuka barabara kula pai ya nyama. Nakuomba unisaidie kuchagua. Na kama unaweza kuja, hata kwa siku mbili tu, twende pamoja. Septemba itatimia miaka mitatu tangu uondoke.

Mwanao,
Aila

*

Fairbanks, Alaska
19 Februari 1976

Aila wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, mikono ipo yote miwili, vidole kumi, nimehesabu asubuhi. Msalimie dada yangu, mwambie goti ni la kupumzisha, si la kukatia kuni.

Sasa sikiliza maneno ya mzee. Usidanganyike na bunduki inayojikoki yenyewe. Inamaliza risasi kabla macho hayajajua yameona nini. Chukua ya kukoki kwa mkono, risasi moja moja, maana hiyo inakulazimisha kuvuta pumzi. Mtutu uwe mzito kidogo ili usichezecheze. Kifyatulio kikatike safi kama kijiti kikavu, kisivutike kama hadithi za jirani yetu Martta. Darubini iache kwanza, jifunze kwa macho yako. Usifyatue kamwe ikiwa tupu, kwa sababu pini ya bunduki hizi ndogo itagonga ukingo wa chuma na kuuharibu. Na ujaribu aina tatu nne za risasi. Kila bunduki ina chakula inachokipenda, na mara nyingi si kile cha bei kubwa.

Kuja itakuwa vigumu, kazi ya bomba la mafuta imebana. Lakini usihuzunike. Nimempigia simu Lahti na nimekuchagulia mwenyewe, nzuri hasa, ya kudumu. Aliniuliza kipimo. Nikamwambia, "Binti yangu unamjua, ananifika kwenye mfuko wa shati." Kaichukue katikati ya Machi.

Baba yako,
Reino

*

Toivola
Jumapili, 14 Machi 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi wazima, isipokuwa mimi nina mafua.

Bunduki nimeichukua. Asante sana. Mbao yake ni ya rangi ya kahawa, na kifyatulio kinakatika safi kama ulivyosema. Bwana Tuomela aliishika akasema, "Aliyekuchagulia anajua chuma." Alama zangu za shabaha zimeshuka kidogo wiki hii, nadhani ni hayo mafua. Nitazoea.

Shangazi anakusalimu. Nimeandika kwa ufupi kwa sababu nina kazi za shule.

Mwanao,
Aila

*

Fairbanks
2 Mei 1976

Aila,

Nakusalimu, mwanangu, na naomba radhi kwa kunyamaza wiki saba. Afya ninayo. Ulimi ndio sikuwa nao.

Helmi alinitumia picha ya klabu kwa ajili ya Pasaka. Nilidhani amekosea bahasha. Nikamwonyesha Kowalczyk, tunayelala naye chumba kimoja. "Huyu dada nani?" nikamwuliza. Akaishika karibu na taa. "Simjui," akasema, "ila ana pua yako, maskini wa Mungu."

Ndipo nikakutambua. Umelala kwenye mkeka, na bunduki niliyokuchagulia imepotea mikononi mwako kama kijiko cha mtoto mchanga. Kiwiko kimekosa pa kwenda. Shingo umeipinda kama kuku anayemtazama mwewe. Hayakuwa mafua. Nilimnunulia bunduki mtoto wa miaka kumi na moja, na mtoto huyo hayupo tena popote.

Nikueleze na jingine, kwa kuwa umeshakuwa mkubwa bila mimi. Kazi haijabana hivyo. Wenzangu hupanda ndege kwenda kwao kila baada ya wiki tisa. Mimi huomba nishike zamu zao. Mara mbili nimefika uwanja wa ndege na begi, na mara mbili nimegeuka. Naona ule mlango wa jikoni, naona mama yako hayupo nyuma yake, na sijui nitasimama wapi.

Mrudishie Lahti hiyo. Niandikie kimo chako na urefu wa mkono, nitampigia simu achague ya mtu mzima.

Baba yako

*

Toivola
Jumatano, 12 Mei 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, nami nimeketi kuijibu kabla sijavua koti. Sote hatujambo. Mafua hayakuwapo.

Siku niliyokwenda dukani, Bwana Lahti alikuwa nyuma ya kaunta akipaka mafuta mtutu wa mtu. Nikasema nimekuja kuchukua bunduki ya Aila Kivelä.

"Mwambie Aila aje mwenyewe," akasema. "Lazima nimpime."

"Ndiye mimi."

Aliweka kitambaa chini. "Ai ai ai! Reino kaniambia mfuko wa shati. Shati hilo kalivaa kichwani?"

Watu wawili waliokuwa wakichagua ndoana walicheka, na mimi nikacheka pia ili nisionekane nimeaibika. Aliweka kitako kwenye kiwiko changu, na kidole kikapita kifyatulio mpaka mbele. Akaacha utani. Akasema kwa sauti ndogo, "Binti, chukua ile ya pembeni, ya saizi yako. Mimi nitaelewana na baba yako." Nikakataa. Nilisema hii ndiyo aliyonichagulia. Niliogopa kwamba ukijua nimekua hivi, utaona umechelewa, nawe utaacha hata kuandika.

Kwa hiyo nimelenga kwayo miezi miwili. Bwana Tuomela amekuwa akiniambia, "Unajikunja kuingia kwenye nguo ya mwaka juzi." Jana, hata kabla barua yako haijafika, niliirudisha. Bwana Lahti aliipokea, akanionyesha nyingine tatu. Sikuchagua. Alhamisi hii nitatumia ile ya klabu.

Baba, usikasirike: kimo changu sikuandikii. Ukikipata kwenye karatasi utapiga simu tena, na bunduki itakuja, nzuri hasa, nami nitakushukuru kwa barua. Sitaki hivyo. Nisamehe kama ni utovu wa adabu.

Kuhusu mlango wa jikoni. Baada ya mazishi ya Mama mimi pia sikuweza kuupita. Miezi saba niliingilia upande wa banda la kuni, nikipanda juu ya magogo na viatu vya shule. Shangazi hakuniuliza kitu, ila kila asubuhi nilikuta komeo la upande ule limefunguliwa. Wewe pia unaweza kuingilia huko. Ukifika ndani unageuka kushoto, kuna benchi, mtu anaweza kukaa hapo hata saa nzima na hakuna atakayemsemesha. Nitamwambia Shangazi asikusemeshe. Itamwumiza, lakini ataweza.

Shule inafungwa tarehe nne Juni. Basi la kutoka Green Bay linasimama kwenye njia panda Jumanne na Ijumaa, saa tisa alasiri. Nitakuwa nimevaa koti la buluu, nakuambia mapema ili usinipite. Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza, hata kwa neno moja tu: utashuka Jumanne au Ijumaa?

Mwanao,
Aila